Maji ya Mvua na Jino la Cherop

Kabla sijafika kwenye la kutisha, vijana, sikieni kwanza la kuku. Najua ninyi mna mashine za hali ya hewa zinazojisoma zenyewe na kutuma hesabu Nairobi hata kabla hamjanywa chai, na mnadhani sisi wazee tulipima upepo kwa kulamba kidole. Haya, chekeni. Hata mimi nacheka.

Miaka ya hamsini ikielekea kwisha, nilikuwa msaidizi katika kituo kidogo cha hali ya hewa nje ya mji wa Nakuru, upande unaotazama ziwa. Tulikuwa na kipimamvua, vipimajoto ndani ya sanduku jeupe lenye miguu, na baluni za kupimia upepo. Siku moja likaja boksi kutoka ng'ambo. Ndani mlikuwa na karatasi zenye gundi upande mmoja, pamoja na maagizo. Kila siku saa tatu asubuhi, tandika karatasi moja juu ya fremu ya mbao, gundi ikitazama juu. Kesho yake ikunje, itie kwenye bahasha, andika tarehe na mahali, uipeleke posta. Karatasi ya kunasa nini, hakuna aliyetuambia.

Wiki ya pili, kuku wa jirani aliruka juu ya fremu akanasa miguu yote miwili. Nilipomvuta aliniachia manyoya na kitu kingine ambacho sitakitaja mbele yenu. Lakini maagizo yalisema kila karatasi itumwe, na mimi sikuwa mtu wa kubishana na maagizo, kwa hiyo nikaikunja nikaituma. Baada ya muda ikaja barua yenye adabu nyingi, ikiuliza ni mvua ya namna gani iliyonyesha Nakuru tarehe ile. Mkubwa wangu, Mzee Zakayo, aliisoma barua hiyo kwa sauti mbele ya watu mpaka akatokwa machozi ya kicheko. Kwa miezi mingi sikuitwa jina langu pale kazini. Niliitwa Mvua ya Kuku.

Zakayo alikuwa mtu wa Maragoli, mfupi, mwenye kofia isiyotoka kichwani, na alikuwa amesoma vipimo tangu kabla ya vita vya pili. Mimi alinifundisha kwa chai. Kiangazi changu cha kwanza niliona ni upuuzi kwenda kufungua kipimamvua kila asubuhi na mbinguni hamna hata wingu. Nikawa naandika sifuri nikiwa nimeketi. Siku moja akaniuliza, "Leo mvua ni ngapi?"

"Sifuri, Mzee."

"Umeangalia?"

"Nimeangalia."

Akanishika mkono mpaka kwenye kipimamvua, akatoa chupa ya ndani, akamimina. Ilikuwa chai ya maziwa, tayari imefanya utando juu.

"Hii chai iko hapa siku tatu," akasema. "Nakuru imenyesha chai, na wewe unaandika sifuri. Kijana, andika chenye kiko, sio chenye unataka."

Maneno hayo nimewaambia vijana wote niliowafundisha kazi baadaye, na wengine wao ndio wakubwa wenu leo. Nimeyasema nikiwa nimekunja uso, kama mtu asiyewahi kuyavunja.

Siri ya zile karatasi Zakayo aliipata kwenye gazeti. Alikuja nalo mkononi siku moja mchana, mke wake akiwa anapepeta wimbi, ile nafaka ya uji, kwa uteo nje ya nyumba yao kwenye laini, zile nyumba za wafanyakazi zilizopangwa mstari mmoja.

"Karatasi yako inanasa vumbi ya bomu," akaniambia.

"Bomu gani, Mzee? Hapa kwetu?"

"Ya atomiki. Wanalipua huko Pasifiki, kwa visiwa."

Nikacheka. Kutoka Nakuru mpaka Mombasa tu ni safari ya kuchosha garimoshi, sembuse Pasifiki. Zakayo hakucheka. Akamwonyesha mkewe kwa kidole.

"Tazama uteo. Wimbi yenyewe inaanguka wapi?"

"Hapo hapo miguuni."

"Makapi?"

"Mbele kidogo, kwa majani."

"Na ule unga-unga, ule huoni vizuri?"

Nilitazama. Upepo ulikuwa unatoka ziwani. Wingu jembamba la vumbi la wimbi liliinuka kutoka kwenye uteo, likapita juu ya ua, na kamba ya nguo ya jirani wa tatu ilikuwa na shuka jeusi ambalo kuelekea mwisho wa kazi ile lilikuwa limeanza kuwa la kijivu. Yule jirani hakujua ni nani aliyemchafulia. Alitoka, akapiga shuka lake kofi mbili tatu, akarudi ndani.

"Hivyo ndivyo bomu inafanya," Zakayo akasema. "Ikilipuka chini, inachota udongo. Mchanga mzito unaanguka karibu, siku hiyo hiyo. Ile nyepesi inaenda. Na ikiwa bomu ni kubwa sana, inasukuma ile vumbi juu kupita mawingu, mahali mvua haifiki kuiosha. Huko inakaa miezi, hata miaka, inazunguka dunia. Halafu siku moja inashuka."

Ninyi mmesoma haya darasani na mna michoro yenye rangi. Mimi niliyasoma kwa baluni. Tulikuwa tunaijaza gesi, tunaiachia, kisha mmoja anaifuata kwa darubini ya kupimia pembe, mwingine anaandika kila dakika. Chini, upepo uliisukuma kuelekea Mau. Nikishaandika moyoni kwamba leo ni upepo wa mashariki, naiona imesimama, inatetemeka, halafu inaanza kurudi. Inapita juu ya kichwa changu, ndogo kama punje, ikielekea mahali pengine kabisa, na hapa chini hata jani halitikisiki. Kabla ya gazeti la Zakayo nilifurahia mchezo huo. Baada yake nilianza kuona baridi mgongoni. Nilikuwa nimesimama kwenye nyasi zangu, jua linawaka, flamingo wanapiga kelele ziwani, na juu yangu kulikuwa na barabara tatu nne, kila moja na safari yake, na sikujua ni ipi iliyobeba nini.

Tena msifikiri ni umbali peke yake unaoamua vumbi limwangukie nani. Hilo ndilo kosa la kwanza la kila mwanafunzi: anachukua ramani, anapima kwa rula, anasema walio mbali wamepona. Vumbi likishafika kwenye mawingu, mvua ndiyo inayoliteremsha. Olenguruone kule juu ya Mau, ambako mvua haichoki, wanaweza kupokea zaidi kuliko Rongai iliyo kavu, ingawa wote wawili wako mbali sawa na bomu. Hata mvua moja inaweza kupiga shamba hili na kuruka lile. Mtu anayemshukuru Mungu kwa mvua na mtu anayelia kwa ukame wanatenganishwa na kilima kimoja tu.

Sasa niwaambie habari ya meno.

Mtu aliyekulia upande wetu humtambui kwa lafudhi, unamtambua akicheka. Maji ya visima virefu vya huku yanapita kwenye mawe ya volkano, na yana kitu cha ardhini kinachotia meno ya watoto rangi ya chai ya mkandaa isiyo na maziwa. Mimi nilizaliwa Rongai, baba yangu akiwa kibarua kwenye shamba la mahindi la mzungu, na tulikunywa maji ya kisima cha shamba. Meno yangu mnayajua. Nilipokuwa namposa Rael, nilizungumza naye nikiwa nimefunika mdomo kwa mkono, na yeye akaenda kuwaambia wenzake amepata kijana mwenye heshima sana. Aligundua ukweli tukiwa tayari tumeoana.

Binti yetu alizaliwa siku ya mvua kubwa, kwa hiyo tulimwita Cherop, kama ilivyo desturi yetu Wakalenjin. Siku hiyo hiyo niliapa kwamba mtoto huyu atacheka bila kufunika mdomo. Nikafunga gata nzuri, mfereji wa kukinga mvua, chini ya mabati ya nyumba yetu, nikapeleka maji yake kwenye pipa lenye kifuniko, nikaweka kitambaa cheupe cha kuchuja. Maji hayo yaliitwa maji ya Cherop. Mimi na Rael tulikunywa ya kisima, maana sisi tulikuwa tumekwisha kuharibika. Mtu hakuruhusiwa hata kusuuza kikombe kwa maji ya Cherop. Mwanamke yeyote wa laini aliyekuwa na mtoto mchanga alikuja kutazama ile gata na kwenda kumsumbua mumewe. Nilikuwa mtu mwenye fahari, nawaambia. Hata Zakayo aliponionyesha habari za vumbi na mvua, zilikaa upande mmoja wa kichwa changu kama kazi, na maji ya Cherop yakakaa upande mwingine kama nyumbani, wala hazikukutana.

Zilikutana siku aliyokuja Bwana Pole.

Alikuwa mzungu mwembamba kutoka maabara ya kupima vumbi la mabomu, na tulimpa jina hilo kwa sababu alimwambia pole kila mtu, hata mlango aliougonga. Alikuwa na kisanduku chenye mpini, na kutoka ndani yake kilitoka kitu kama rungu fupi lenye waya. Kisanduku kilikuwa kinatoa sauti, tik, tik, polepole, kama mende anayetembea kwenye gazeti. Akakisogeza kwenye mawe ya bustani. Tik, tik. Akatueleza kwa Kiswahili chake kwamba kisanduku kinasikia mionzi, ile ya vumbi la bomu, na kwamba mawe ya volkano yana kidogo ya asili, si neno. Akapima bomba la kisima. Vivyo hivyo, tik, tik. Akapima fremu yetu ya karatasi, nayo ikaongeza kidogo. Zakayo akaandika.

Mvua za kwanza za mwaka zilikuwa zimenyesha siku mbili nyuma. Bwana Pole akatembea kando ya laini akitafuta mahali maji yanapokusanyika, akafika kwangu. Akachota kwa kijiko lile tope jeusi lililolala kwenye gata, juu kidogo ya pipa, akaliweka kwenye kifuniko, akasogeza rungu lake.

Sauti ya kisanduku ikaanza kukimbia.

Sijui niwaeleze vipi. Ilikuwa saa nne asubuhi, watoto wanacheza, mtu anapasua kuni. Tope lilikuwa tope. Halikunuka, halikung'aa, halikuwa na joto. Na kile kisanduku kikalilia kama kimeona mtu mlangoni ambaye sisi wengine hatumwoni. Bwana Pole akaondoa rungu, sauti ikatulia. Akarudisha, ikakimbia. Kisha akaangalia pipa, akaangalia kitambaa changu cheupe.

"Maji hii nakunywa nani?" akauliza.

"Mtoto yangu, Bwana."

"Pole," akasema.

Alikuwa amenipa neno lile mara kumi asubuhi hiyo, na mara hiyo moja tu ndiyo nilimsikia. Nilimuuliza kama mtoto atadhurika. Akasema ni kidogo sana, huenda si kitu, lakini yeye hajui, na waliomtuma hawajui, ndiyo maana wanapima. Akasema katika vumbi lile kuna kitu ambacho mwili unakidhania kuwa chokaa, unakichukua na kukijengea mifupa na meno. Aliniandikia anwani yake kwenye karatasi. "Jino yake ya kwanza natoka, wewe naleta kwa mimi," akasema. "Mimi napima, naandika wewe barua." Halafu akaenda zake, na gari lake likatoweka kwenye vumbi la kawaida la barabara.

Cherop alikuwa hajatimiza miaka miwili. Alikuwa na meno madogo meupe, meupe kama nilivyoapa.

Siku hiyo Rael alikuwa sokoni. Nilifungua bomba la pipa nikaliacha. Maji safi, laini, yalikimbia yakaingia kwenye migomba, na nilisimama nikiyatazama mpaka yakaisha. Rael aliporudi akakuta ardhi imelowa.

"Baba Cherop, nani amemwaga maji ya mtoto?"

"Ni mimi. Iko na vumbi ya bomu."

Akachungulia ndani ya pipa, akapitisha kidole, akakitazama. "Mimi sioni vumbi."

"Haionekani. Kisanduku ya yule mzungu ndiyo inaisikia."

"Kwa hivyo umemwaga maji kwa sababu kisanduku imelia." Akaketi juu ya jiwe na kikapu chake. "Sawa. Sasa niambie, mtoto akunywe nini? Ya kisima imuharibu meno tunaona, ama ya mvua imuharibu ndani hatuoni?"

Nilikuwa mtaalamu wa kituo kizima, mwenye daftari na saa, na swali la mke wangu lilinishinda. Nilifikiria maziwa, nikakumbuka kwamba ng'ombe anakula majani na majani yananyeshewa na mvua ile ile. Niliogopa, vijana. Niliogopa kwa namna ambayo sikuogopa hata miaka ya hali ya hatari ya mkoloni, kwa kuwa askari akija unamwona.

Nikamwendea Zakayo. Alisikiliza mpaka mwisho, kofia kichwani.

"Mvua ya kwanza inaosha hewa na mabati pamoja," akasema. "Hiyo iache iende kabisa. Safisha gata, tope usiliache. Halafu kinga ile ya baadaye, uiache itulie, uchote ya juu. Haitamaliza. Itapunguza."

"Na kama haitoshi?"

"Kijana, mimi napima mvua. Sijawahi kuambiwa naweza kuikataza."

Ndivyo tulivyofanya miaka yote iliyofuata. Kila masika yalipoanza, watu wengine wakikimbilia nje na masufuria, mimi nilikuwa juu ya ngazi nikigeuza gata pembeni, namwaga mvua niliyoingoja miezi minne. Majirani walisema kazi ya baluni imenipanda kichwani. Kule kazini niliendelea kutandika karatasi kila saa tatu asubuhi. Jioni moja nilithubutu kuandika barua kuuliza karatasi za Nakuru zimesema nini. Jibu lilikuja kwa mstari mmoja, wakinishukuru na kunitaka niendelee kutuma.

Jino la kwanza la Cherop liling'oka akitafuna mua, uhuru ukiwa umeshapatikana. Watoto wa laini yetu jino likitoka hulirusha juu ya mabati na kuomba jipya, na wenzake walikuwa wamekwisha kusimama uani wakimsubiri. Mimi nilikuwa na anwani ya Bwana Pole kwenye Biblia. Nikamwambia mtoto, "Hebu nilioshe kwanza." Nikaingia ndani, nikalitia jino mfukoni, nikatoka na punje nyeupe ya mahindi iliyofungwa ndani ya jani. Akairusha kwa nguvu zake zote. Wote wakapiga makofi.

Nililitia jino kwenye kiberiti kitupu, kiberiti kwenye bahasha, nikaandika anwani, nikabandika stempu. Asubuhi nilikwenda posta nikiwa na barua zote za kituo. Nilizitumbukiza moja moja. Ile ya mwisho ikabaki mkononi. Nikajiambia nitaituma kesho.

Siku hizi natembelewa na Cherop kila Jumapili. Ni mwalimu mkuu, amestaafu majuzi, ana wajukuu, hajawahi kulazwa hospitali ila kwa kujifungua. Mwezi uliopita alikuwa ananisaidia kupanga makaratasi, akakuta bahasha.

"Baba, hii stempu ni ya zamani aje. Ni barua ya nani?"

Nikamweleza yote, pipa, kisanduku, Bwana Pole. Nilipofika kwenye punje ya mahindi alicheka sana, mdomo wazi, meno yote nje.

"Kwa hivyo nilipanda mahindi kwa mabati!" Kisha akaigeuza bahasha mkononi. "Lakini si ni wewe ulikuwa unatuambia tuandike chenye kiko?"

"Ndiyo."

"Na hii mbona hukusoma?"

Nimesoma kipimamvua maelfu ya asubuhi, kwa jua na kwa homa. Nikamwambia binti yangu ukweli, kwamba niliogopa kupata nambari ambayo singeweza kuimwaga kwenye migomba. Nikamwambia anisamehe. Alinishika mkono. Halafu akafungua kiberiti, akalitoa lile jino dogo, akatoka nalo uani, mwanamke wa zaidi ya miaka sitini, akalirusha juu ya paa.

Nililisikia likibingirika juu ya mabati, tik, tik, tik, likasimama mahali. Nikangoja lianguke kwenye gata. Halikuanguka.

Sasa ni kiangazi, na mvua ya kwanza bado. Nimeweka ndoo safi chini ya gata, na gata sijaigeuza pembeni, maana mvua ndiyo itakayoliteremsha lile jino. Cherop akiuliza, namwambia maji hayo yatakuwa ya kuku.